Presha ya macho haishuki kwa majani

Barua zinazotoka Buyenzi, Kinama na Ngagara zinauliza jambo moja: namna ya kushusha presha ya macho bila dawa za hospitali, ili glakoma isimpofushe mtu. Daktari wa macho aliyeletewa barua hizo jijini Bujumbura ameanza na ile iliyomuudhi zaidi.

Ninameza dawa ya presha na nimeacha chumvi. Macho si yako salama?

Hapana. Daktari amelieleza hili mpaka amechoka, na analieleza tena. Ndani ya jicho hutengenezwa maji maangavu, nyuma ya kile kiduara cha rangi. Hupita katikati ya mboni, kisha hutoka kwa kichujio kidogo pembeni. Kichujio kikiziba, jicho huwa kama beseni lililoziba huku bomba likiwa wazi: maji hujaa, na neva ya kuonea huanza kufa polepole, bila maumivu.

Maji hayo si damu. Mtu hupimwa mkono, akaambiwa 12 kwa 8, akarudi nyumbani na furaha yake, kumbe jicho lina 35. Kwa kawaida jicho huwa kati ya 10 na 21. Wapo pia wenye chini ya 21 ambao neva zao zinaharibika, ndiyo maana kipimo cha presha peke yake hakitoshi. Lazima neva yenyewe iangaliwe. Na mwenye glakoma anayemeza dawa ya presha ya damu usiku amwambie daktari wake, kwani damu ikishuka mno usingizini neva hukosa lishe.

Mlonge, asali, utomvu wa majani, maziwa ya mama, karoti?

Barua hizi ni nyingi, jibu ni moja. Hakuna kimoja kinachozibua kichujio kile. Vya kudondoshea jichoni huleta vijidudu na makovu kwenye kioo cha mbele. Karoti na lengalenga ni chakula kizuri, vipikwe viliwe.

Bangi je?

Hushusha presha kwa saa 3 au 4 tu. Glakoma iko kazini saa 24.

Basi hakuna cha asili kinachosaidia?

Kipo, ila kidogo. Kutembea kwa kasi mara kwa mara hushusha presha kiasi. Kunywa lita nzima ya maji kwa mkupuo huipandisha, na kusimama kichwa chini vilevile. Hayo yaende pamoja na matibabu, si badala yake.

Mwanangu macho humuwasha, farmasi wakanipa matone yanayomtuliza. Niendelee?

Barua hii ndiyo iliyomtia daktari hofu. Matone yenye deksamethasoni hutuliza muwasho upesi, na mama hurudi kununua chupa nyingine, na nyingine. Yakitumika kwa wiki nyingi bila kupimwa, yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya hata kwa mtoto mdogo. Mtoto apelekwe kupimwa, na chupa iende naye.

Operesheni itanirudishia macho?

Ya mtoto wa jicho, mara nyingi ndiyo. Ya glakoma hulinda kilichobaki tu.

Nani apimwe?

Kila aliyefika miaka 40, na mapema zaidi mwenye mzazi au ndugu mgonjwa. Uchunguzi wa vijiji vya Kongwa, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu kama 4 katika kila 100 waliotimiza umri huo.

Nimechoka kununua matone kila mwezi.

Uchovu huo daktari anauelewa. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa waligawanywa, wengine wakapewa matone ya timololi, wengine tiba ya mwanga wa leza. Matokeo yalitoka mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefaulu kwa macho 61 katika kila 100, matone kwa 31. Muulize daktari wako kama inapatikana na kama inakufaa. Kwa sasa usiache matone. Ukishadondosha, fumba jicho na ubonyeze kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika 2, dawa isiteremkie kooni. Mwenye pumu aseme kabla ya kuandikiwa timololi, maana inaweza kumbana kifua.