Mkutubi, Tarakilishi na Ngeli: Tajriba ya Kujifunza Teknolojia ya Habari Mjini Isiolo

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huiona maktaba kama mahali pa kuazimia vitabu, na tarakilishi kama chombo cha kuchapia tasnifu. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba viwili hivi vinapokutana, swali linalozuka ni la kisarufi. Msingi wake ni tajriba ya mwandishi, aliyejifunza teknolojia ya habari kwa ajili ya ukutubi mjini Isiolo kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba kazi ya Kiswahili yaweza kuwapo rafuni lakini ikakosekana katika tarakilishi, na kwamba anayeweza kuziba pengo hilo ni mtu anayezijua ngeli.

Mazingira ya mafunzo

Isiolo ni mji wa njiapanda. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu hukutana humo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na shuleni. Katika eneo hili pana la kaskazini mwa Kenya, kumfikishia msomaji kitabu kumekuwa kazi ngumu tangu zamani. Ndiyo maana mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kusafirisha vitabu kwa ngamia huko Garissa. Juhudi hiyo ililenga tatizo la masafa. Mafunzo yetu yalihusu tatizo jingine: kitabu kimefika, kimepangwa rafuni, lakini msomaji aliyesimama hatua tano kutoka kilipo hajui kwamba kipo.

Tulikuwa wanafunzi watatu kwa kila tarakilishi. Umeme ulipokatika, tulichora nyuga za rekodi kwenye karatasi na kuzijaza kwa kalamu. Zoezi hilo lilitufaa kuliko tulivyotarajia, kwa sababu kalamu haina orodha ya majibu ya kuchagua. Ilimbidi kila mmoja aamue mwenyewe: jina la mwandishi laandikwaje? Mada ya kitabu hiki ni ipi, na kwa neno gani?

Rekodi ya kitabu

Mfumo tuliojifunza ni MARC, uliobuniwa katika miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya uongozi wa Henriette Avram. Toleo linalotumika sana leo, MARC 21, lilipatikana mwaka 1999. Kila taarifa kuhusu kitabu huwekwa katika uga wenye nambari yake: mwandishi binafsi huingia katika uga wa 100, anwani ya kitabu katika 245, na mada katika 650. Tarakilishi haikisomi kitabu chenyewe. Husoma rekodi tu. Neno lisiloingizwa katika rekodi halitapatikana, hata kama limejaa katika kila ukurasa wa kitabu.

Tatizo la mwanzo wa neno

Tulifunzwa kwamba msomaji asiye na hakika ya umbo la neno aandike shina lake, kisha aweke kinyota mwishoni. Katika Kiingereza, mtu akiandika librar na kinyota atapata library, libraries na librarian kwa mpigo mmoja. Mbinu hii hufaa lugha ambayo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni.

Tuijaribu sasa kwa Kiswahili. Anayeandika shairi na kinyota hapati mashairi, ushairi wala mshairi, kwa kuwa viambishi vyetu vya ngeli hutangulia shina. Kitabu hakimleti vitabu. Utenzi hauleti tenzi. Katika programu tuliyofunzwa nayo, kinyota kilikubaliwa mwishoni mwa neno tu. Hata pale kinapokubaliwa mwanzoni, hakitoshi. Kinyota na imbo kitaleta wimbo na nyimbo, lakini ulimi na ndimi havikutani, maana sauti ya shina yenyewe imebadilika.

Ipo njia ya kitaalamu zaidi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameunda mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa tarakilishi, na mfumo wa aina hiyo hulitambua shina palipo na viambishi. Hata hivyo, si maktaba nyingi ndogo zenye chombo kama hicho. Hizo hutegemea maarifa ya anayejaza nyuga.

Majina na tahajia

Kanuni tuliyopewa ya kuanza na jina la mwisho ina utata wake pia. Shaaban Robert (1909–1962) huweza kuorodheshwa chini ya S mahali pamoja na chini ya R mahali pengine. Muyaka bin Haji hatafutwi chini ya Haji, kwani Haji ni jina la babake. Miongoni mwa Waborana na Wasomali mtu hutajwa kwa jina lake, la babake na la babuye. Ukianza na jina la mwisho, umemwandikia babu kitabu cha mjukuu, tena umewachanganya wajukuu wote wa babu huyo.

Tahajia nayo ina mitego. Kazi maarufu kutoka Pate, ambayo muswada wake ni wa mwaka 1728, huitwa Utendi wa Tambuka, Utenzi wa Tambuka au Chuo cha Herekali. Mwanafunzi anayejua jina moja tu huambiwa kwamba hakuna matokeo. Al-Inkishafi nayo hupangwa chini ya I, mradi mworodheshaji ameiagiza tarakilishi iruke alama tatu za mwanzo.

Lililo hatarini

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani, ikiwa kitabu bado kipo? Maktaba hununua na kuondoa vitabu kwa kuzingatia pia takwimu za uazimaji. Kitabu kisichoonekana hakiazimwi. Kisichoazimwi huhesabiwa kuwa hakihitajiki, na hatimaye huweza kuondolewa ili kutoa nafasi. Hivyo ushairi wa Kiswahili waweza kupungua maktabani pasipo mtu yeyote kuuchukia.

Mapendekezo

Kwanza, istilahi za umoja na wingi ziingizwe pamoja katika uga wa 653, unaopokea maneno huru: wimbo na nyimbo, ulimi na ndimi, shairi, mashairi na ushairi. Pili, majina mbadala ya kazi yaandikwe katika uga wa 246. Tatu, kila maktaba iwe na orodha ya majina sanifu ya waandishi, yenye maelekezo kutoka umbo moja hadi jingine. Nne, idara za Kiswahili zishirikiane na wakutubi kutunga vichwa vya mada kwa Kiswahili, ili anayefikiri kwa Kiswahili asilazimike kutafuta kwa Kiingereza.

Hayo yanawezekana. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili. Koha, programu ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, ni huria. Yeyote aweza kuirekebisha na kuitafsiri. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi.

Hitimisho

Makala imejaribu kuonyesha kwamba teknolojia ya habari katika ukutubi ni uwanja halali wa mwanaisimu na mwanafasihi wa Kiswahili. Tumezoea kuzikariri ngeli kwa ajili ya mtihani. Zina kazi nyingine: kumwezesha mwanafunzi wa Isiolo anayeandika nyimbo kupata kitabu kilichoandikwa wimbo. Tunawahimiza wanachama waingie katika maktaba za vyuo vyao, watafute kazi kumi wanazozifahamu kwa maumbo yote ya majina yake, na wamkabidhi mkutubi orodha ya zile zilizokosekana.