Mboga za Wakati wa Baridi

Ee mama wa Likasi, mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi, wala mvua hainyeshi. Lengalenga za shamba zimekauka, lakini sombe ingaliko. Usiwape watoto bukari na chumvi tu.

Chuma sombe changa, uitwange sana, uichemshe kwa maji mengi bila kufunika chungu, hata iive kabisa, maana sombe mbichi ina sumu. Kisha tia kitunguu na unga wa karanga.

Matembele ya bustani ya mtoni ni mazuri pia. Lakini maji yale yatoka wapi? Wengine husema, maji ni maji. Sivyo. Vumbi la majani hutoka kwa kuosha. Sumu ya madini iliyonywewa na mizizi haitoki, hata ukipika. Bustani yako uihamishe juu ya mto, kabla maji hayajapita mgodini.