Kasi ya Treni na Saa ya Msafiri: Mfano wa Morogoro

Mji wa Morogoro una stesheni mbili za reli. Ya kwanza ni ya Reli ya Kati, ambayo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Upana kati ya reli zake mbili ni milimeta 1,000, na stesheni yake imo mjini. Ya pili iko Kihonda, kaskazini mwa mji. Hii ni ya reli yenye upana wa milimeta 1,435, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kisha Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Treni zake huendeshwa kwa umeme, nazo zimesanifiwa kwenda kilometa 160 kwa saa.

Miongoni mwa abiria wake ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa tarehe 1 Julai 1984, na wa Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoko nje ya mji katika barabara iendayo Iringa. Kwao swali si treni inakwenda kasi gani, bali watafika bwenini saa ngapi. Maswali hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Umbali kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa reli ni kiasi cha kilometa 200. Kama treni ingekwenda kilometa 160 kwa saa bila kupunguza mwendo popote, ingetumia dakika 75. Lakini kuna stesheni za Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba treni inaposimama hukaa dakika mbili. Watu wengi hudhani kwamba hasara ni dakika hizo mbili basi. Sivyo. Kilometa 160 kwa saa ni sawa na meta 44 kwa sekunde. Treni inayoongeza mwendo kwa nusu meta katika kila sekunde huhitaji sekunde 90 hivi kufikia kasi hiyo, na kwa muda huo huwa imekwenda kilometa mbili, ambazo kwa kasi kamili zingeichukua sekunde 45 tu. Hasara ni sekunde 45. Ikifunga breki kwa kadiri ile ile, hupoteza sekunde 45 nyingine. Kwa hiyo kila kituo hugharimu dakika tatu na nusu, na vituo vinne dakika 14. Ndiyo maana treni isiyosimama njiani hufika mapema zaidi ya ile isimamayo, ingawa injini zao zina nguvu sawa.

Je, haifai basi kuongeza kasi hadi kilometa 200 kwa saa? Safari ingepungua kwa dakika 15. Lakini nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka kwa robo, nishati huongezeka kwa zaidi ya nusu, na breki hulazimika kuimeza yote. Msukumo wa pembeni kwenye kona nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo kona lazima ziwe pana zaidi. Na kona pana hazipiti kirahisi katikati ya nyumba za watu. Hii ni sababu mojawapo ya reli za kasi, katika nchi nyingi, kuwekewa stesheni pembezoni mwa miji.

Hapa ndipo hesabu inapomrudia mwanafunzi. Chuo cha Sokoine kiko upande wa pili wa mji, chini ya milima ya Uluguru. Akishuka Kihonda na sanduku lake, akangoja daladala kwa dakika 15, amekwisha kupoteza muda ule ule ambao wahandisi wangeuokoa kwa kujenga upya kona na kuongeza umeme. Wa Mzumbe hupoteza zaidi, maana hulazimika kutafuta gari la pili. Kulipanga basi liwe linangoja treni inapoingia ni kazi ya ratiba na dereva tu, nayo haidai hata meta moja ya reli mpya.