Siku Kuu ya Kujiwekea Wenyewe

Somo: Esta 9:16–32, Yohana 10:22–23

Siku kuu za Kanisa twazijua: Krismasi, Pasaka, Pentekoste na siku za Watakatifu. Hizo tumezipokea. Lakini je, jamaa au mtaa waweza kujiwekea siku yao wenyewe, ya kumshukuru Mungu kwa jambo alilowatendea wao? Wako wasemao kwamba huko ni kuongeza juu ya yaliyokwisha kuwekwa. Basi na tusome kwanza.

Sikukuu ya Purimu haimo katika Torati ya Musa. Ilizaliwa Uajemi, Wayahudi wakiwa ugenini. Hamani aliwapigia kura, yaani puri, apate siku ya kuwaangamiza. Nao walipookoka wakaiita sikukuu yao kwa jina la kura ile ile ya adui. Tuangalie jinsi ilivyoanza. Wa vijijini walipumzika na kula karamu tarehe 14 ya mwezi wa Adari. Wa mjini Shushani walifanya hivyo tarehe 15, kwa kuwa kwao vita viliendelea siku moja zaidi. Hakuna aliyekuwa amewaamuru. Ndipo Mordekai akaandika barua, akazithibitisha siku zote mbili, wala hakuwagombeza kwa kutofautiana. Baadaye Malkia Esta naye aliandika. Barua ziliikuta furaha imekwisha kuwapo.

Na barua ile iliagiza nini? Wale na kufurahi, wapelekeane chakula, wawape maskini zawadi. Hapa tukae kidogo, maana ndipo shughuli zetu nyingi zinapoharibika. Kwetu, mara siku inapotajwa, kamati huundwa, na kabla watu hawajaelewa sababu ya siku yenyewe wameshapangiwa mchango. Mjane asiye na kitu hubaki nyumbani kwa aibu, na kesho yake husemwa kwamba hana ushirikiano! Katika Purimu fungu la maskini limo ndani ya sikukuu tangu mwanzo. Sahani iliyofunikwa kawa hutoka mlango huu kwenda mlango ule, na asiye na cha kupeleka huletewa. Siku ambayo maskini anaiogopa haijawa sikukuu bado.

Tukienda kwa Yohana, twamkuta Bwana wetu hekaluni, katika ukumbi wa Sulemani, wakati wa baridi, kwenye Sikukuu ya Kutabaruku. Nayo haikuwekwa na Musa. Yuda Makabayo na ndugu zake waliiweka mwaka 164 kabla ya Kristo, baada ya kulitakasa hekalu lililokuwa limenajisiwa. Bwana alikuwapo, na Yohana hatuambii kwamba aliikemea.

Hata Sikukuu yetu ya Mavuno ina habari yake. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kina sala ya kushukuru kwa wingi wa chakula, lakini hakikuweka siku ya mavuno. Mwaka 1843 Padre Robert Stephen Hawker wa Morwenstow, mtaa wa pwani huko Cornwall, Uingereza, aliwaita watu wake waje kwenye Ushirika Mtakatifu, kwa mkate uliookwa kwa nafaka mpya ya mashamba yao. Mitaa mingine ikafuata, hata desturi ikavuka bahari, na leo sisi twaleta mahindi, mihogo, ndizi, na kuku aliyefungwa miguu ambaye hupiga kelele katikati ya mahubiri.

Lakini siku yaweza pia kumponyoka aliyeianzisha. Anna Jarvis wa Marekani alifanya ibada ya kuwakumbuka akina mama mjini Grafton mwaka 1908, kwa ajili ya mama yake aliyefariki mwaka 1905. Mwaka 1914 Rais Wilson akaitangaza nchi nzima. Wauza maua na kadi wakaishika, na Bibi Jarvis akapigana nao miaka mingi. Yeye alitaka mtoto amwandikie mama yake barua kwa mkono.

Kwa hiyo mtaa ukitaka kuweka siku, tuseme ya kukumbuka mwaka wa njaa uliopita au siku kanisa lilipoezekwa, padre na wazee waulizwe mapema, Jumapili isiondolewe heshima yake, na Kwaresima isivunjwe kwa karamu. Wazee walioliona jambo lenyewe walisimulie kwa vinywa vyao wangali hai.

Nyumbani ni rahisi zaidi. Twazijua tarehe za kuzaliwa kwa watoto wetu, lakini ni wangapi wazijuao tarehe za ubatizo wao? Sala fupi jioni, habari za wasimamizi wa ubatizo, na fungu la chakula kwa jirani vyatosha. Daftari la ubatizo liko kwa padre. Atakaye kujua tarehe yake na aulize baada ya ibada.