Bwana Yangu Ananijibia Kila Kitu



Mimi na bwana yangu ni watu wa Kamanyola, Kongo. Kanisa limetutuma Tanzania, mkoa wa Kigoma, tukajitolee vijijini kwa miaka 2: yeye kwa mambo ya kilimo, mimi kufundisha akina mama kulisha watoto wadogo. Sasa tuko Kasulu kwa mafunzo ya miezi 3, na kila asubuhi tunasoma Kiha, kwa sababu huko tutakakopelekwa wazee na akina mama wengi wamekizoea kuliko Kiswahili.

Bwana yangu alikulia karibu na mpaka. Alikuwa anavuka kwenda Bugarama, Rwanda, kwa biashara, anajua Kinyarwanda na Kirundi. Kiha kwake ni mchezo. Mimi nilizaliwa kule juu milimani Walungu, kwetu ni Mashi. Mtu akiniuliza kitu, kabla sijafungua kinywa yeye ameshajibu. Juzi mama mwenye nyumba aliniuliza kama nina watoto. Ni bwana yangu aliyemwambia kwamba tuna wawili na tumewaacha Kamanyola kwa bibi yao. Wakaendelea kuongea na kucheka, mimi nikatazama chini. Mwalimu anasema nisipofaulu mtihani wa mwisho sitapelekwa kijijini. Usiku ninalia. Nafikiri nirudi nyumbani, nimwache amalize peke yake. Nifanye nini?

Mama wa watoto wawili, Kasulu

Mwanangu,

Usirudi kwa sababu ya Kiha. Kuna sababu nyingine inayoweza kukurudisha, nami nitaifikia, lakini hiyo siyo.

Ondoa kwanza wazo kwamba akili yako ni nzito. Kiha, Kirundi, Kinyarwanda, Kihangaza na Kivinza ni ndugu wa karibu sana, mwenye moja husikia sehemu kubwa ya nyingine. Mashi yako iko kundi jingine, pamoja na Kihavu na Kitembo. Kwa hiyo bwana yako alianza kusoma Kiha utotoni, akiwa na mzigo kichwani njiani kwenda Bugarama. Mngepelekwa Idjwi mjifunze Kihavu, wewe ndiye ungekuwa mbele, na yeye angekutazama usoni akingoja msaada. Tena ulipoteremka bondeni, sokoni Kamanyola uliwakuta watu wanapatana bei ya muhogo kwa Kiswahili, Mashi, Kifuliiru na Kirundi penye meza moja. Hukupewa mtihani, na hukulala njaa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye uzito. Umetumwa kwa akina mama wanaonyonyesha. Niambie, ni mama gani wa Kasulu atakayemweleza bwana yako kwamba maziwa yamemkauka, au kwamba mtoto anaharisha tangu juzi naye anaogopa mama mkwe atasema ni uchafu wake? Hayo husemwa na mwanamke kwa mwanamke, tena kwa sauti ndogo. Bwana yako hata aseme Kiha kama mzaliwa wa Heru Juu, kazi yako hawezi kuifanya. Mweleze hivyo, kwa upole lakini wazi, mkiwa wawili peke yenu. Sidhani kama ana nia mbaya. Anakuona unahangaika, anaharakisha kukuokoa, na kila akikuokoa anakunyima zamu yako ya kusema.

Kisha nenda kwa kiongozi wa mafunzo, uombe jambo ambalo huenda likawashtua watu wa kanisa: kwa wiki chache, kila mmoja wenu akae na familia yake ya wenyeji. Si jambo geni. Peace Corps, shirika la Marekani lililoanzishwa 1961, linapeleka pia watu waliooana, na katika nchi nyingine mume na mke huwekwa kwenye familia mbili mpaka mafunzo yaishe. Shirika hilo lilifanya kazi kwetu pia, enzi za Zaire, kuanzia 1970 hadi 1991, na baadhi ya vijana wake walifundishwa lugha hapo Bukavu. Wanajua kwamba mtu akiwa na wa kumsemea, hasemi. Kiongozi akikataa, basi ombeni angalau mchana mzima mkae mbali: yeye shambani na wanaume, wewe uani na wanawake.

Na huko uani usikae na daftari. Chukua kisu, menya muhogo pamoja nao. Chambua maharage. Sombe na mawese unavijua kuliko wanavyodhani, kwa hiyo pika siku moja waonje, watakuuliza maswali hata hujajiandaa. Jifunze salamu zao kikamilifu, na makofi yake, usizikate njiani, kwa sababu Waha huwapenda wanaosalimu bila haraka. Halafu omba maneno ya kazi yako kwanza: ziwa, uji, homa, kuharisha, kupima uzito. Somo la kituo cha basi linaweza kungoja. Ukikosea wakacheka, cheka nao, kisha uwaombe walirudie neno mpaka ulishike.

Sasa ile sababu nyingine. Hukuigusa kwenye barua yako, lakini watoto wako wako Kamanyola, mji ambao waasi wa M23 waliingia Februari 2025, na kufikia Desemba vita vilikuwa vimeteremka bonde lote hadi Uvira. Mama anayekaa darasani sikio lake likiwa kwenye simu, Kiha kitamwingia wapi? Chagua mtu mmoja nyumbani unayemwamini, mpange saa moja ya kuongea, baada ya masomo, na simu ikae mfukoni muda mwingine wote. Ukisikia kwamba watoto wako hatarini, nenda ukawachukue, na umwambie kiongozi ukweli mapema. Huko si kushindwa mafunzo, na kanisa linalokutuma kulisha watoto wa wengine haliwezi kukulaumu kwa kuwafuata wako. Ila uyatenge mambo haya mawili kichwani mwako. Usiseme unarudi kwa ajili ya watoto kumbe unakimbia aibu ya darasa.

Neno la mwisho ni kwa baba wa watoto. Mama huyu akupe gazeti usome mwenyewe. Akiulizwa swali, ndugu yangu, nyamaza. Akikosea, nyamaza. Akikugeukia akuombe neno, mpe hilo moja tu, kisha nyamaza tena, hata kama wageni wanangoja na chai inapoa. Miezi yenu 3 inakwisha upesi, na kijijini utakuwa shambani tangu asubuhi. Mkeo atakuwa na wale akina mama peke yake.