SOMO LA WIKI: Ruzuku ya bilioni moja si mauzo ya bilioni moja

Habari ya Serikali kutenga fedha hupendwa sana sokoni. Ikitangazwa tu, bei za hisa za makampuni yanayotarajiwa kufaidika huanza kuzungumzwa, na mwekezaji mdogo huogopa kuachwa nyuma. Wengi hununua wakati huo, kabla ya kupiga hesabu. Wiki hii tunaangalia ruzuku moja ya Marekani ambayo takwimu zake ziko wazi, na inayofundisha namna ya kupiga hesabu hiyo.

Chanzo cha ruzuku

Machi 2018 wahalifu walifunga kompyuta za jiji la Atlanta na kudai kikombozi cha takriban dola 51,000. Mei 2019 ilikuwa zamu ya Baltimore, ambako walidai bitcoin 13, wakati huo sawa na dola 76,000 hivi. Jiji lilikataa kulipa. Gharama za kurekebisha mitambo pamoja na mapato yaliyochelewa au kupotea zilikadiriwa kufikia dola milioni 18. Mwezi uliofuata mji mdogo wa Lake City, Florida, ulilipa bitcoin 42, karibu dola 460,000, sehemu kubwa ikitoka kwa kampuni ya bima.

Miji hii ina kazi nyingi na mafundi wachache wa kompyuta. Ankara za maji, kodi za majengo na simu za dharura hupitia kwenye mitambo ya zamani. Novemba 2021 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya miundombinu, na ndani yake zikatengwa dola bilioni 1 kwa ajili ya usalama wa kompyuta za majimbo na serikali za mitaa. Kazi ya kusimamia walipewa CISA, wakala wa usalama wa mitandao, na FEMA, wakala wa maafa.

Mgao

Fedha hizo zilipangwa kwa miaka minne ya fedha: dola milioni 200 mwaka 2022, milioni 400 mwaka 2023, milioni 300 mwaka 2024 na milioni 100 mwaka 2025. Mwekezaji aone kwamba kilele kilikuwa mwaka wa pili, kisha fungu likashuka.

Marekani ina serikali za mitaa zaidi ya 90,000, ukihesabu wilaya, miji, wilaya za shule na mamlaka za maji. Bilioni nzima ikigawanywa sawasawa, kila moja ingepata dola 11,000 hivi kwa miaka yote minne, yaani chini ya dola 3,000 kwa mwaka. Kiasi hicho hakitoshi hata mshahara wa fundi mmoja.

Upande wa muuzaji nao upimwe. Palo Alto Networks, moja ya makampuni makubwa ya usalama wa kompyuta yaliyoorodheshwa sokoni, ilipata mapato ya takriban dola bilioni 8 katika mwaka wake wa fedha ulioishia Julai 2024. Hata kama milioni 400 zote za mwaka 2023 zingeingia kwenye kampuni hiyo pekee, jambo lisilowezekana, zingekuwa asilimia 5 tu ya mapato hayo. Habari iliyo kubwa kwa mji mdogo inaweza kuwa ndogo mno kwa hisa.

Masharti

Fedha hazitoki Washington kwenda moja kwa moja kwa muuzaji. Jimbo hutakiwa kuunda kamati na kuandaa mpango unaokubaliwa na CISA. Kisha angalau asilimia 80 lazima ifike kwa serikali za mitaa, na angalau asilimia 25 ifike maeneo ya vijijini. Ni marufuku kulipia kikombozi, na ni marufuku ruzuku kuchukua nafasi ya bajeti iliyokuwapo.

Sharti zito zaidi ni mchango wa mpokeaji. Mwaka 2022 mpokeaji alitakiwa kubeba asilimia 10 ya gharama, mwaka 2023 asilimia 20, mwaka 2024 asilimia 30 na mwaka 2025 asilimia 40. Kwa hiyo mradi wa dola 100,000 mwaka 2025 ulimtaka mpokeaji atafute dola 40,000 zake mwenyewe, isipokuwa aliyesamehewa kwa sababu ya ugumu wa hali. Mji usio na fedha hizo huiona ruzuku kwa macho tu. South Dakota ilikataa kuomba tangu mwanzo.

Sheria pia inaruhusu jimbo, kwa ridhaa ya serikali za mitaa, kutoa huduma au vifaa badala ya fedha taslimu. Hapo mnunuzi anakuwa mmoja. Anayeshinda zabuni ya jimbo hupata kazi kubwa, na aliyeshindwa hapati kitu, ingawa wote wawili wako katika biashara ileile.

Muda

Jimbo likishapokea hutakiwa kupitisha fedha kwa walengwa katika siku 45, lakini kipindi cha kuzitumia ni miezi 48. Fungu la mwaka 2022 linaweza kuonekana kwenye vitabu vya muuzaji miaka kadhaa baadaye, likiwa limekatwa vipande. Aliyenunua hisa siku ya tangazo atakuwa ameshikilia muda wote huo.

Mwisho wake

Mpango uliwekewa kikomo cha awali, mwisho wa Septemba 2025. Mwezi huohuo CISA ilimaliza mkataba wake na Center for Internet Security, taasisi iliyokuwa ikiendesha kituo cha MS-ISAC cha kuzipa serikali za mitaa tahadhari bila malipo kwa fedha za Serikali Kuu. Kituo kikageukia ada za uanachama. Programu za ulinzi hulipiwa kila mwaka; ruzuku ikiisha, mji hulipa wenyewe au huacha. Mji ukiacha, muuzaji hupoteza mteja na wahalifu hupata mlango.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kununua hisa kwa sababu ya ruzuku yoyote, mwekezaji ajiulize:

1. Zitagawanywa kwa wangapi na kwa miaka mingapi?
2. Mpokeaji anatakiwa kuchangia kiasi gani, na anacho?
3. Nani hasa atasaini hati ya ununuzi?
4. Ni asilimia ngapi ya mapato ya kampuni?
5. Nani atalipa ruzuku ikishakwisha?

Mfanyabiashara aliyewahi kuuza bidhaa kwa halmashauri au kaunti na kungoja hundi anajua somo hili tayari. Fedha iliyotengwa haijawa malipo. Anayenunua hisa atumie uangalifu uleule anaoutumia anapokopesha bidhaa zake.