MTOTO YUKO WAPI? Malezi ya Kikristo na simu majumbani mwetu

Somo la kamati za sharika. Neno: Luka 2:41–52



Wapendwa wasomaji, somo letu la robo hii linahusu malezi ya watoto wakati huu ambapo simu imeingia karibu kila nyumba ya mkoa wetu wa Simiyu. Kabla hamjaendelea, naomba mfungue Injili ya Luka na kusoma mistari hiyo kwa sauti. Wafadhili wetu nao wasiuruke ukurasa huu wakidhani ni wa mahubiri tu. Humu yamo maelezo ya kwa nini tumebadilisha matumizi ya fedha za semina za wazazi.

Habari yenyewe tunaifahamu. Yesu ana umri wa miaka 12. Familia inarudi kutoka Yerusalemu baada ya Pasaka, na wazazi wanatembea mwendo wa siku nzima bila kujua kwamba mtoto hayupo. Hawakuwa wazembe. Waliamini yuko na jamaa zao na watu wanaofahamiana nao. Mzazi wa Kisukuma hawezi kuwashangaa, kwa sababu kwetu pia mtoto akiwa kwa baba mdogo au kwa shangazi hatusemi amepotea. Hofu ilianza walipomtafuta kwa hao jamaa wasimkute.

Ninapozungumza na wazazi wa Dutwa, Lagangabilili au vijiji vya kuelekea Lamadi, jibu la kwanza huwa ni hili: "Mratibu, hayo ni mambo ya Bariadi mjini na Mwanza. Sisi nyumbani tuna kitochi kimoja tu." Ni kweli. Lakini kitochi hicho kina nafasi ya memori kadi, na kijana anayechunga ng'ombe anakwenda nacho malishoni. Pale senta yuko fundi mwenye kompyuta anayejaza nyimbo na filamu kwenye kadi, na hamuulizi mtoto umri wake. Kipo kibanda umiza, ambapo kwa sarafu chache mtoto wa darasa la tatu anakaa benchi moja na watu wazima kutazama filamu yoyote itakayowekwa. Yupo mjomba aliyenunua simu ya kupangusa baada ya kuuza pamba, anayewapa watoto waishike ili wasimsumbue. Mzazi anahesabu simu za nyumbani kwake, wakati mtoto anafikia simu za kijiji kizima.

Mwaka 2022 mashirika ya UNICEF, ECPAT na INTERPOL yalitoa taarifa ya utafiti uliofanyika hapa Tanzania. Ulionyesha kwamba asilimia 67 ya watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa wanatumia intaneti. Kati ya hao watumiaji, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili mzito wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 4 inasikika ndogo mpaka ukadirie kwa nchi nzima, na waandishi wa taarifa waliikadiria kuwa watoto wapatao 200,000. Taarifa hiyo inaeleza pia kwamba mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu, na kwamba ni wachache mno wanaofikisha habari polisi au kwenye huduma ya simu. Mistari hiyo miwili ya mwisho ndiyo ninayotaka kamati ziikumbuke.

Sasa niseme kosa letu. Miaka ya nyuma semina zetu zilikuwa za namna moja. Tulifika na projekta na jenereta, tukaonyesha hatari zote za mtandao, tukakemea utandawazi (neno hili tumelilaumu kwa zaidi ya miaka 20 na bado sijaona likitubu), kisha tukaandika idadi ya waliohudhuria. Taarifa kwa wafadhili ilipendeza. Katika usharika mmoja, baba mmoja alisimama mwishoni akasema siku atakapomkuta binti yake na simu ataivunja simu na miguu pia. Watu walipiga makofi. Mimi nilicheka, na sikumjibu.

Nyuma kabisa alikuwa ameketi msichana wa kidato cha pili. Wakati ule tayari alikuwa na simu aliyopewa na mtu mzima anayefahamika pale kijijini, ameificha kwenye ghala la mahindi. Mtu yule alikuwa na picha yake na alimtishia kuisambaza kama hatafanya anachotaka. Alikuwa amekuja semina akitafuta mahali pa kuanzia kusema. Aliposikia makofi, alinyamaza miezi miwili zaidi.

Aliyemfungua kinywa alikuwa bibi yake, ambaye hajui hata kufungua simu. Walikuwa wanabangua karanga. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, siku hizi hulali. Nakusikia unavyogeuka usiku kucha. Kuna nini?" Hakuitaja simu, kwa kuwa hakujua kama ipo. Alipoambiwa yote alikaa kimya muda, kisha akafunga kitenge akampeleka kwa mke wa mwinjilisti, na kutoka pale wakaenda pamoja Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Binti anaendelea na shule. Baba yake alichukua muda mrefu kuzungumza naye tena, na sitaki kuandika hapa kwamba yote yamekwisha.

Mwinjilisti aliponieleza habari hii, nilirudi kusoma Luka 2 kwa macho mengine. Yusufu na Mariamu walipogundua mtoto hayupo, walikatisha safari yao na kurudi. Walitafuta mpaka siku ya tatu. Walipomkuta, Mariamu alikuwa na uchungu na hakuuficha, lakini alichoanza nacho ni swali, na akasubiri jibu. Kisha unakuja mstari wa 50, ambao wahubiri wengi tunaupita haraka: wazazi hawakuelewa alichowajibu. Hata hivyo walirudi naye Nazareti, akawatii, na mama yake akaendelea kuyatafakari mambo hayo moyoni.

Hapo ndipo penye neno kwa mzazi anayesema, "Mimi sijasoma, simu yenyewe mtoto ndiye ananifungulia, nitamwongozaje?" Mariamu hakuelewa jibu la mwanawe na hakuacha kuwa mama. Bibi yule hakuelewa simu. Alijua mjukuu wake analalaje akiwa na amani, na kwa hiyo alijua amani ilipoondoka. Ujuzi huo wazazi wetu wanao tele, ila semina zetu ziliwafanya wauone hauna thamani mbele ya projekta.

Sisi Walutheri tuna sababu ya ziada ya kulizingatia jambo hili. Mwaka 1528 Martin Luther alikagua sharika za Saxony na kuhuzunishwa na jinsi wakristo, hata baadhi ya wachungaji, walivyokuwa hawajui misingi ya imani. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimu Ndogo, na sehemu zake za kwanza zilichapwa kama mabango ya kubandikwa ukutani. Alitumia teknolojia mpya ya wakati wake, mtambo wa kuchapa, lakini vichwa vya masomo yale vinamtaja mkuu wa nyumba kuwa ndiye atakayewafundisha watu wa nyumbani mwake. Bango halikuachiwa kazi ya kulea. Kumbukumbu la Torati 6:7 nako tunakuta mafundisho yakitolewa nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka.

Wazee wetu walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee na vijana waliketi pamoja, na wasichana nao walikuwa na bibi zao. Sisemi kila kilichosemwa pale kilikuwa chema. Lakini pale kijana aliulizwa leo umepita wapi na umeona nini. Siku hizi kila mmoja ana mwanga wake mdogo usoni, baba na habari za mpira, mama na kundi la WhatsApp la kwaya, na hakuna anayeulizwa. Na tusiwaonee watoto: nimeshaona mzee wa kanisa akisoma ujumbe mahubiri yakiendelea, na Jumapili moja aliyeonekana alikuwa mimi.

Kwa hiyo semina ya projekta tumeisimamisha. Badala yake, watoto wa darasa la kipaimara na wazazi au walezi wao wanakaa pamoja jioni tatu, familia chache kwa wakati mmoja, nyumbani kwa mwanajumuiya. Jioni ya kwanza simu haitajwi kabisa. Tunaomba wafadhili waelewe kwamba idadi ya washiriki katika taarifa zetu itakuwa ndogo kuliko zamani.

Jambo gumu kuliko yote katika jioni hizo ni ahadi. Mzazi anamwambia mtoto mbele ya wenzake: ukiona kitu cha kukutisha au mtu akikuomba picha, njoo uniambie, sitakupiga. Kuna akina baba wanaokataa, wakisema ni kumpa mtoto ruhusa ya kufanya uovu. Mimi nawasomea Waefeso 6:4, ambapo Paulo anawataka akina baba wawalee watoto katika adabu ya Bwana na papo hapo anawakataza kuwachokoza mpaka wakasirike. Adabu inabaki. Lakini mtoto anayejua kwamba akisema atapigwa, na asiposema atatishiwa, ataendelea kumtii anayemtishia.

Yapo pia mambo ya kawaida ambayo kamati ziwaeleze wazazi waziwazi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa mwaka 2020, kila laini ilifungwa kwa jina la mtu mzima. Kitakachotumwa na mtoto kwa laini yako kitaonekana kimetoka kwako. Namba yako ya siri ya kutolea fedha usimpe mtoto, hata kama ndiye anayekusomea ujumbe. Na kama ndiye msomaji wako, mfundishe kuutambua ujumbe wa matapeli, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kabla hajaujibu kwa nia njema. Usiku simu zote zilale sehemu moja, na ya baba ikiwemo. Kibanda umiza mkizungumze na serikali ya kijiji pamoja na mwenye kibanda, kuhusu saa za watoto na aina ya filamu. Kumtukana mwenye kibanda madhabahuni hakujawahi kukifunga.

Jambo likitokea, msifute ujumbe, maana ni ushahidi. Picha ya mtoto msiisambaze kwa mtu yeyote, hata kwa mchungaji, hata kwa nia ya kuonyesha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaihesabu kazi ya kusambaza picha za ngono za watoto kuwa kosa la jinai, na kila anayeipokea anamjeruhi mtoto upya. Simu yenyewe ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto inapigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mzee wa kanisa asithubutu kulimaliza shauri kwa ng'ombe na suluhu ya kifamilia.

Kamati ya kila usharika ikutane kabla ya mwisho wa robo hii ijadili maswali matatu. Katika eneo letu, ni wapi mtoto anaona simu au filamu mbali na nyumbani kwao? Akipatwa na la kumtisha, ni mtu gani mzima katika usharika huu atamkimbilia, na je, mtu huyo anajua kwamba yeye ndiye? Na ni familia zipi za kipaimara zitaanza jioni tatu za kwanza? Swali la pili waulizwe watoto kwanza, kila mmoja peke yake, na majina watakayoyataja yasisomwe hadharani. Majibu ya swali la kwanza na la tatu yaletwe ofisi ya miradi kwa maandishi. Ya pili yabaki kwa mchungaji.